Wimbo Mmoja, Nyumba Nzima

Nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa Tanzania kati ya mwaka 1970 na 1990 zina nusu mbili. Ya kwanza huenda taratibu: magitaa yanajibizana, tarumbeta na saksafoni zinapokea, mwimbaji anatoa kisa chake beti baada ya beti, na mara nyingi anayelalamikiwa hutajwa kwa jina. Kisha mwendo unabadilika. Besi inakaza, tumba zinapanda, waimbaji wanabaki na maneno machache wanayoyarudia, na gitaa la solo linachukua uwanja hadi mwisho. Wanamuziki waliiita nusu hii chemko, na sifa ya mpiga solo ilipatikana au kupotea hapo.

Nyumbani kwetu Morogoro watu nao waligawanyika hivyohivyo. Bibi na mama walikuwa wa kisa. Baba alisubiri chemko, akianza kugonga kidole kwenye mkono wa kiti hata kabla halijafika. Mjomba, mdogo wake mama, alisubiri kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia mpaka alipotuonyesha: gitaa la rizimu, lile lisilotamba, ambalo likinyamaza wimbo wote unayumba. Sisi watoto tulitaka vyote. Redio ilikuwa moja, na kila mtu alikuwa na fungu lake ndani ya wimbo uleule, kwa hiyo hakuna aliyeondoka mkekani kabla haujaisha. Nimefika umri wa kuamini kwamba hilo ndilo jambo kubwa zaidi ambalo bendi zile zilitufanyia. Zilitunga muziki ambao bibi na mjukuu wangeusikiliza wamekaa pamoja, kila mmoja akapata chake bila kumnyima mwenzake. Halikutokea kwa bahati. Lilitokana na namna redio ilivyokuwa, namna bendi zilivyoendeshwa, na ustadi wa watu ambao wengi wao hawakupata hata robo ya walichostahili.

Redio yetu ilikuwa National ya betri, iliyoundwa Dar es Salaam kwenye kiwanda cha Wajapani. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati la jiko, zikapata nguvu ya jioni moja zaidi, na nguvu hiyo haikuchezewa: ilitunzwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kwa vipindi ambavyo nyumba nzima ilivitaka. Stesheni ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yenye Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tuliisubiri hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kizazi changu kiliwajua wanamuziki kwa sauti tu. Tuliwajua Marijani Rajabu na Muhidini Gurumo kama mtu anavyomjua jirani wa upande wa pili wa ukuta, kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema, na hatukujua kama ni warefu au wafupi.

Hata vichekesho vilikuwa vya masikio. Pwagu na Pwaguzi walituingiza katika hila zao bila uso wala vazi, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akafuta machozi. Debora Mwenda alipokuja na "Mama na Mwana", kelele zote za uani zilikoma. Nakumbuka wakubwa nao walinyamaza. Bibi alijifanya anachambua mchele, lakini hadithi ikifika pabaya mikono yake ilisimama. Kipindi cha watoto kilikuwa chake pia, kama ambavyo nyimbo za wakubwa zilikuwa zetu.

Kuzaliwa Morogoro kulikuwa na uzito wake. Huo ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi iliyochukua rumba ya santuri za Kuba na kuifanya iseme Kiswahili cha pwani bila kukwaruza. Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, kabla sijazaliwa, lakini nilimfahamu vizuri kwa sababu baba alikuwa na santuri zake chache alizozifuta kwa kitambaa laini na ambazo mtoto hakuruhusiwa kuzigusa. Ni mji wa Morogoro Jazz pia, iliyokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970, na wa kijana wake Mbaraka Mwinshehe, aliyeiacha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Ushindani wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz ulikwisha na wenyewe, lakini wazee wa mtaani kwetu waliuendeleza vibarazani miaka mingi baada ya Salum kuzikwa, kila mmoja akiwa na wimbo wake wa ushahidi.

Mwezi Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, ilikuja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Wakati ule tulikuwa tumezoea kusogea karibu na redio kwa hofu, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake mstari wa mbele au ilimjua mwenye mtu huko, na habari hii ilikuta mioyo tayari imechoka. Jirani asiyekuwa na redio alikuja mlangoni kuuliza kama ni kweli. Akaja wa pili. Bibi, ambaye siku zote alisema gitaa la Mbaraka lina maneno mengi, alimwagiza mjomba atafute popote mtaani mwenye gramafoni na santuri ya "Shida". Ilipatikana nyumba ya nne. Watu walisimama uani kwa wenyewe, wengine nje ya ua, wakausikiliza wimbo ule mpaka mwisho, na hakuna aliyecheza hata ulipofika chemko. Siku ile nilielewa kwamba mtu anaweza kuwa ndugu wa mji mzima bila kuingia hata nyumba moja.

Lakini mafunzo yenyewe yalikuwa ya kila siku, na mwalimu alikuwa bibi. Nyimbo za wakati ule zilijaa mashauri ya watu wazima: mke aliyeondoka, rafiki aliyesaliti, mzazi anayekataa posa, mume mlevi, barua isiyojibiwa, mashemeji wasioridhika. Leo mzazi angeona aibu kukaa na mtoto wa miaka tisa kusikiliza talaka. Kwetu haikuwa hivyo, kwa sababu watunzi walijua nani yuko mkekani. Walilisema jambo zito kwa staha kiasi kwamba mtoto alilipata kwa umri wake na mtu mzima kwa umri wake. Wimbo ukiisha, kesi ilifunguliwa pale pale. Bibi alikuwa na desturi ya kumtetea asiyekuwepo. Mwimbaji akilalamika kwamba mkewe kamwacha bila sababu, bibi alisema, "Huyu tumemsikia. Mwanamke bado hajaitwa." Mama alikwenda mbali zaidi. Alitaka kujua ni mapenzi gani hayo ya kumtaja mtu kwa jina mbele ya nchi nzima, yeye akiwa hana redio ya kujibia.

Nilikuwa mtoto wa kike nikisikiliza sauti za wanaume, maana bendi za dansi zilikuwa na waimbaji wanaume karibu wote. Swali la mama lilinikaa. Miaka baadaye, Vijana Jazz ilipompa mwimbaji wa kike, Kida Waziri, nafasi ya mbele pamoja na Hemed Maneti, mama alikuwa anapika, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama katikati ya sebule kusikiliza. Hakusema kitu. Wimbo ulipoisha alimtazama baba kwa muda mrefu, baba akasema, "Haya, tumesikia." Kuna mambo katika ndoa yao ambayo nadhani yalizungumzwa zaidi kupitia redio ile kuliko kwa maneno yao wenyewe, na sidhani walikuwa peke yao nchini. Mimi nilichobaki nacho ni tabia ya kujiuliza, kila nisikiapo malalamiko, nani hajaitwa. Imenifaa kazini na imenifaa katika ndoa yangu, na ilitoka kwa bibi asiyejua kusoma, akifundisha kwa kutumia nyimbo za dansi.

Tulihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huko mjomba akapata ajira katika bendi ya kiwanda kimoja. Nasema ajira kwa maana yake kamili. Alisaini daftari asubuhi kama wenzake wa mashine, akaenda mazoezini mpaka mchana, na mwisho wa mwezi alipanga foleni ya mshahara. Msomaji kijana aelewe kwamba hili lilikuwa jambo la kawaida. NUTA Jazz ilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina na chama chenyewe: Juwata, baadaye OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana. Kiwanda cha nguo kilikuwa na Urafiki Jazz, mabasi ya mjini yalikuwa na UDA Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, kampuni ya kukata almasi ya Iringa ilikuwa na Tancut Almasi. Polisi, Magereza, Jeshi na JKT wote walikuwa na bendi. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiuchumi kabisa: vyombo vilitoka nje, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kijana mwenye kipaji asingeweza kununua gitaa la umeme na kipaza sauti maisha yake yote. Shirika liliweza. Vyombo vikawa vya shirika, mpigaji akawa mtumishi.

Mjomba alipiga rizimu. Nilipomuuliza kwa nini hakutaka solo, alinijibu kwamba kila mtu anataka solo, ndiyo maana rizimu nzuri haipatikani. Alinipeleka mazoezini mara kadhaa wakati wa likizo, na yale niliyoyaona yamekaa nami kuliko onyesho lolote. Watu wazima walirudia vipande vifupi vya sekunde chache asubuhi nzima. Mpiga tarumbeta alisimamishwa, akaelezwa, akaanza upya, bila mtu kupandisha sauti. Katika dunia yao kulikuwa na majina yaliyotajwa kwa heshima ya walimu, hasa Michael Enoch, King Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz mpaka Mlimani Park na kuwafundisha vyombo watu wengi. Mjomba alisema mtu akicheza chini ya Enoch hata miezi michache, husikika. Mshahara uliwapa muda wa namna hiyo. Sijaona tangu hapo mahali ambapo watu maskini kiasi kile walipewa nafasi ya kurudia jambo mpaka likamilike.

Mwaka 1978 ilipoanzishwa Mlimani Park na Gurumo akatoka Juwata, mitaa iligawanyika. Wapenzi wa Juwata walikuwa Msondo, wa Mlimani Park wakawa Sikinde, na mtindo ukawa kabila la mtu wa mjini. Kila bendi ilikuwa na wake: Vijana walikuwa na Pambamoto, Maquis walikuwa na Kamanyola, Marijani na Dar International walikuwa na Super Bomboka. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa walipohama Mlimani kwenda Orchestra Safari Sound, baba na mjomba hawakuzungumza vizuri kwa muda. Baba aliona ni kuvunja nyumba. Mjomba, aliyekuwa anajua hali ya wanamuziki, aliona ni mtu anatafuta riziki. Wote wawili waliendelea kumsikiliza Gurumo. Na niseme wazi, upande wangu ulikuwa Sikinde na bado ni Sikinde. Vipulizo vile vya Mlimani Park, vinavyoingia kwa pamoja mwisho wa ubeti kana kwamba vimekuwa vikisubiri kwa adabu, sijavisikia vikizidiwa.

Jumapili mchana ilikuwa zamu ya familia. Baba alivaa shati lililonyooshwa, mama akafunga kitenge kipya, tukaenda baa yenye uwanja wa wazi, watoto soda moja moja na mshikaki wa kugawana. Hapo palikuja vikundi vya utamaduni, na kikubwa machoni petu kilikuwa Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980 na Norbert Chenga. Onyesho lao lilipangwa kwa akili ileile ya wimbo wa dansi. Ngoma zilitangulia, sindimba na lizombe, wazee wakasogeza viti. Sarakasi zikafuata, watoto tukasimama juu ya viti hivyohivyo. Sarakasi zenyewe zilikuwa na historia ambayo sikuijua mpaka ukubwani: mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana China kujifunza, waliporudi wakafundisha wengine, na ujuzi ukashuka kutoka kikundi cha taifa mpaka kwenye baa za Temeke na Mwananyamala. Kikaja kichekesho, ukaja mchezo wa kuigiza, na mwishoni mwa miaka ya 1980 taarabu ikapewa saa zake, akina mama wakachukua uwanja.

Kutunza waimbaji wa taarabu ndiko kulinifumbua macho. Mama yangu ni mtu mkimya. Jumapili moja, mwimbaji akiwa katikati ya ubeti wenye fumbo, mama alisimama, akapita taratibu kati ya meza akiwa ameshika noti juu kidogo, akacheza hatua chache, akamtunza mwimbaji, na wakati wa kurudi akapita karibu na meza fulani ambayo hakuwa na haja ya kupita. Hakuitazama. Waliokaa pale walitazama chini. Sikujua kisa chenyewe, na mpaka leo sijaambiwa, lakini nilielewa kwamba mama amejibu jambo lililomuuma kwa muda mrefu, amelijibu mbele ya watu wote, na hakuna neno lake hata moja ambalo mtu angeweza kulirudia kesho yake kisimani. Mwimbaji alikuwa amemkopesha maneno. Katika dansi mama alikuwa msikilizaji wa kesi ya mwenzie. Katika taarabu alikuwa mwenye kesi. Nimesoma vitabu vingi juu ya ujasiri wa wanawake tangu hapo, na picha inayonijia ni ile ya mama akirudi kwenye kiti chake, akakaa, akaniambia nimalize soda.

Staha ile ilikuwa na bei, na si haki kuisifu bila kuitaja. Mashairi yalikaguliwa kabla ya bendi kurekodi redioni. Kila bendi ilitunga nyimbo za Chama, za Azimio la Arusha, za vijiji vya ujamaa, na wakati wa vita za kumlaani adui. Mwaka 1969 Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul uliokuwa umewateka vijana wa Dar es Salaam. Kuna nyimbo ambazo hatukuzisikia kwa sababu mtu fulani mezani alizikataa, na hasara hiyo haiwezi kupimwa. Ninachojua ni walichofanya watunzi na nafasi waliyobakiwa nayo. Walijua kwamba anayesikiliza ni mkaguzi, ni shehe, ni mwalimu wa Jumapili, ni mlevi wa kona, ni mtoto kama mimi, wote kwa wakati mmoja, na bado wakasema jambo la kweli. Remmy Ongala alipotoka na wimbo wa "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu na ukimwi, redio iliona umepita kiasi. Lakini nyumba ziliusikia, kwa kanda zilizopita mkono kwa mkono, na nijuavyo mimi kuna wazazi waliopata kutoka kwa Remmy mlango wa kuanzia mazungumzo ambayo hawakujua wangeyaanzaje.

Bei nyingine ililipwa na wanamuziki wenyewe. Bendi ilirekodi studioni kwa redio, na kanda ikabaki redioni. Santuri nyingi zilichapwa Nairobi, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya Watanzania kadhaa waende huko na kubaki: ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga wakawa Simba Wanyika, na kutoka humo ikazaliwa Les Wanyika ya "Sina Makosa". Waliobaki nyumbani walisikika kila siku, lakini wengi waliuza kidogo sana. Kanda zilinakiliwa vibandani mchana kweupe. Sheria ya hakimiliki yenye meno kiasi ilikuja mwaka 1999, wakati mashirika yaliyokuwa na bendi yalikuwa yameshauzwa au yameshakufa, na bendi nyingi zimekufa nayo. Marijani Rajabu alikuwa amefariki mwaka 1995. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, alisema hadharani kwamba hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akamzawadia moja. Mwaka uliofuata Gurumo akafariki. Nilifurahi sana kwa zawadi ile na ninamheshimu Diamond kwayo. Lakini mtu aliyeilea nchi kwa sauti yake alikuwa na haki ya gari lake kutoka kwenye jasho lake, miaka 30 kabla.

Watu huniambia kwamba ninayoyalilia ni ujana wangu. Sikubali. Muziki wa leo una watunzi hodari, na mwanangu wa kiume amenionyesha nyimbo za Bongo Fleva zenye tungo ambazo bibi angezikalia kikao. Kilichobadilika ni mkeka. Kila mtu ana simu yake na kitu masikioni, na mtunzi wa leo anamtungia mtu mmoja mmoja. Halazimiki kumfikiria bibi aliyekaa karibu na msikilizaji wake, kwa sababu bibi hayupo karibu. Wakati wetu umoja ule uliletwa na uhaba, na sitaki uhaba urudi. Betri za kuanika juani zisirudi. Ila nimejifunza kwamba kitu kilicholetwa na uhaba, uhaba ukiondoka, lazima mtu akiamue mwenyewe, la sivyo kinakwenda nao.

Basi nyumbani kwangu Jumapili wakati wa kupika spika ni moja, na tunachagua wimbo kwa zamu. Sharti ni kwamba wimbo wa mwenzio unausikiliza mpaka mwisho. Mara ya kwanza ilipochaguliwa "Neema" ya Mlimani Park, binti yangu aliuliza wimbo utaanza saa ngapi, kwa kuwa kiitikio alichokizoea huja mapema. Nilimwambia umeshaanza. Sasa anazo nyimbo zake humo humo, na ananikosoa nikisema tarumbeta ni mbili. Yeye anasikia tatu.

Kutoka kwenye ubishi huo ndipo lilipoanza daftari. Watangazaji walitaja bendi na mtunzi, mara chache mpiga solo. Wengine waliingia hewani na kutoka bila jina. Kwenye maktaba ya redio ya taifa kuna maelfu ya kanda, na sauti zake zikitunzwa zitaishi, lakini kanda haisemi nani alishika besi siku ile. Wanaojua wanazeeka. Mjomba ana macho dhaifu na kumbukumbu imara, kwa hiyo mimi ninaandika na yeye anasema: wimbo, bendi, mwaka kama anao, kisha kila chombo na mtu wake. Hanipi jina asilokuwa na hakika nalo. Wiki iliyopita tulikwama kwenye wimbo mmoja wa bendi yake mwenyewe. Ana hakika rizimu ni yake, lakini rafiki yake wa zamani wa tumba, tuliyempigia simu, anasema siku ile mjomba alikuwa na homa na aliyepiga ni mwingine, sasa marehemu, na jina lake liandikwe. Walibishana mpaka salio likaisha. Nimeacha mstari ule wazi, na tumekubaliana kumfuata mpiga besi wao Mbagala kabla ya Ramadhani.